Nilivyomwita Mama wa Watu Mtaro wa Maji Taka

Wadau, kabla hamjaendelea kusambaza toleo la rafiki yangu la kilichotokea kwenye hafla ya ofisini, eti kwenye hotuba nilimtaja hadi nguruwe, msikilizeni mhusika mwenyewe. Nguruwe sikumtaja. Narudia: nguruwe hakuwemo. Huyo kaongezwa, na nitaeleza alikotokea.

Ni ile hafla ya kumuaga mama yetu anayestaafu, yule ambaye nusu ya ofisi tunavaa nguo za mkono wake. Hotuba ilikuwa ya Kiingereza, ukurasa mmoja, kaandika mtu mwingine. Mimi nikapewa nisome kwa sababu eti nina sauti. Sauti kweli ninayo.

Mstari wa pili ulikuwa na "present" mbili, ya kukabidhi na ya zawadi. Kitenzi hukazwa nyuma, pri-ZENT. Nomino hukazwa mbele, PRE-zent. "Record", "object" na "permit" nazo ni hivyo hivyo. Mimi zote mbili nikazikaza mbele, na hakuna aliyeshtuka. Kichwa kikavimba.

Ndipo nikafika hapa: "She is the finest sewer we have ever known."

Mwandishi alimaanisha mshonaji hodari kuliko wote tuliowahi kuwajua. "Sew" ni kushona, husomwa "sou", kwa hiyo mshonaji ni "soua". Sasa kuna "sewer" nyingine, herufi zile zile tano, iliyoingia kutoka Kifaransa cha kale, nayo husomwa "sua". Hiyo ni mfereji wa chini ya ardhi wa maji taka. Macho yangu yakaona e na w, akili ikakumbuka "new", "few", "flew", zote zenye u safi. Nani angenitonya kwamba "sew" ameamua kuishi kivyake?

Nikashusha karatasi. Nikamtazama mama machoni, maana msomaji hodari humtazama anayesifiwa. Nikavuta pumzi. Nikatamka taratibu, kila neno na kiti chake: "the finest... SUA." Halafu nikanyamaza, nikiwaachia watu nafasi ya kupiga makofi.

Kimya. Feni inazunguka, naisikia. Mtu wa nyuma akakohoa kile kikohozi cha kumeza kicheko. Mama bado anatabasamu, ila tabasamu limesimama kama saa iliyokwisha betri.

Mimi nikadhani maiki imekata. Nikaigonga mara mbili, tu tu. Nikarudia. Kwa sauti zaidi.

(Msinicheke peke yangu. Sisi tumelelewa na lugha inayosomwa kama ilivyoandikwa, mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Ila hata sisi tuna letu: barabara ya kupita magari na barábara ya kusema sawasawa, na ukikosea mkazo hapo, mgeni utajulikana tu.)

Ungedhani ningekaa chini. Wapi! Nikamwambia mama "take a bow", ainame tumpigie makofi. Hiyo ya kuinama husomwa "bau". Mimi nikasema "bou", ambayo ni upinde wa mishale, au utepe uliofungwa kama kipepeo. Na zawadi ilikuwa pale mezani, ina utepe mwekundu. Maskini mama, mtiifu mpaka mwisho, akanyoosha mkono akaufungua ule utepe, akausimamisha hewani akiniuliza kwa macho, "Huu, mwanangu?"

Nguruwe sasa. Mstari wa mwisho ulisema "the seeds you sow". Kupanda mbegu ni "sou". Nguruwe jike anaandikwa vile vile, ila ni "sau". Mimi nilisema "sou", mashahidi wapo! Nilipatia kwa bahati, lakini nilipatia, na ndilo neno pekee ambalo hakuna aliyeniamini.

Yaliyofuata ni mafupi: picha zikapigwa, nikasimama pembeni, nikaondoka kwa mlango wa nyuma, usiku jina langu kwenye grupu likawa "Injinia wa Maji Taka". Aliyeandika hotuba anasema angejua angeweka "seamstress", mshonaji vile vile, ambalo hata ulisomeje haligeuki mtaro. Ahsante, bosi. Umewahi sana.

Suruali yangu bado iko kwa mama, nilimpelekea abadilishe zipu. Ujumbe kanitumia: iko tayari. Anayepita huko anichukulie.