Sio sindano ya kuchoma na kuondoka

Mmeandika kwamba dawa ya epcoritamab kwa waliorudiwa na limfoma (saratani ya mfumo wa limfu) ni sindano ya chini ya ngozi tu, unachomwa unarudi nyumbani siku hiyohiyo, hapana, mmeruka sehemu muhimu sana. Baba yangu mdogo anatibiwa nayo huku Marekani, ambako iliruhusiwa 2023, na mimi ndo nampeleka. Kwake dozi mbili za mwanzo zilikuwa ndogo, ile kamili ya kwanza ilikuwa siku ya 15 na alilazwa masaa 24, kwa sababu dawa inashika seli T, askari wa kinga ya mwili, huku na seli ya saratani kule ili kinga ya mwili iiue, sasa kinga ikichachamaa homa inapanda presha inashuka. Usiku ule alitetemeka mpaka meno yanagongana, manesi wakamuwahi. Nyumbani kipimajoto kipo kando ya kitanda, ikifika 38 napiga simu, sisubiri kukuche. Dawa inafanya kazi jamani, uvimbe wa shingoni umenywea anafunga kifungo cha juu cha shati, na haina kusubiri seli zako za kinga zitolewe zikatengenezwe maabara kama ile tiba ya CAR-T. Andikeni na hilo la homa, watu wasizembee. Huko Bongo na Kenya kuna mgonjwa anayeipata, na analazwa wapi?