Steringi Bila Muziki Wake

Kwenye kibanda umiza nilikoanzia kutazama filamu, Kiingereza cha waigizaji hakikuwa na kazi. Mtafsiri alikaa pembeni na kipaza sauti, akitupigia stori ambayo mara nyingi haikufanana sana na ile ya kwenye skrini, nasi tuliridhika nayo. Sehemu moja tu ndiyo iliyomnyamazisha. Lile gitaa likianza, noti chache zinazonyata kupanda na kushuka, hata aliyechelewa kuingia alimtambua steringi papo hapo, na akajua steringi hafi.

Gitaa hilo lilisikika mara ya kwanza kwenye Dr. No, filamu ya kwanza ya jasusi wa Kiingereza James Bond, iliyoanza kuonyeshwa London Oktoba 1962. Miaka zaidi ya 60 baadaye bado liko kazini. Watu ambao hawajawahi kuitazama filamu yenyewe hata dakika moja wanaliigiza kwa mdomo wakimwona mwenzao ananyemelea sufuria ya nyama jikoni. Wengine wanasema hapo hakuna siri: kitu kikirudiwa katika filamu 25 za kampuni ileile, kuanzia 1962 hadi 2021, kikasindikizwa na matangazo ya saa, magari na vinywaji, hata honi ya daladala ingependwa. Kwao tunachokipenda ni ujana wetu, na muziki ni kipande cha tiketi tulichosahau mfukoni. Wengine wanashikilia kwamba ni ustadi, kwamba muziki ule ulitengenezwa vizuri kuliko filamu zenyewe.

Hoja ya mazoea si ya kupuuzwa, nami nitairudia. Lakini kwanza sikiliza kinachofanyika chini ya lile gitaa. Kuna noti moja inayopanda nusu hatua, ikapanda nusu hatua nyingine, kisha ikarudi ilikotoka na kuanza tena. Haifiki popote. Ni mtu anayepapasa ukuta gizani. Juu yake Vic Flick, mpiga gitaa wa kundi la John Barry, anazicharaza nyuzi nene za gitaa lililotengenezwa 1939, kwa nguvu na karibu kabisa na daraja la nyuzi, ndiyo maana sauti ina makali kama ya kisu kinachonolewa. Halafu, ukishazoea kunyata, matarumbeta na tromboni vinapasuka kwa mtindo wa jazi na mtu yule yule aliyekuwa gizani anaingia ukumbini kwa madaha. Kunyata na kutamba, kazi zote mbili ndani ya dakika mbili. Mwisho gitaa linaachia mkusanyiko wa noti zenye huzuni na noti moja au mbili zisizokaa sawa na wenzake, na wapiga gitaa hadi leo huuita mkusanyiko wa jasusi.

Asili ya mahadhi yenyewe ni kisa cha pekee. Monty Norman, mtunzi wa London, alikuwa ameyaandika kwa ajili ya mchezo wa kuimbwa kutokana na riwaya ya V.S. Naipaul kuhusu Wahindi wa Trinidad. Wimbo wenyewe ulikuwa wa mtu anayelalamika kwamba alizaliwa na chafya ya nuksi, na ulikusudiwa usikike kama wa sitar, ala ya nyuzi ya Kihindi. Mchezo ule haukufika jukwaani. Alipopewa kazi ya Bond, Norman akautoa wimbo wake kwenye droo, akaondoa maneno, akazigawanya noti na kuweka gitaa mahali pa sitar. Ukitaka jasusi mwenye pasi bandia, ndiye huyo: mtu wa chafya aliyevishwa suti.

Lakini suti nani aliishona? Barry aliitwa kuyapanga upya mahadhi yale, akalipwa pauni 250, na jina la mtunzi likabaki la Norman. Ugomvi ulichelewa sana. Mwaka 1997 gazeti la Sunday Times liliandika kwamba mtunzi halisi ni Barry, Norman akashtaki, na mwaka 2001 mahakama ya London ikampa ushindi na pauni 30,000. Sioni ubaya wa hukumu. Mahadhi ni ya Norman, yeyote anayeusikia wimbo wa chafya anayatambua. Ila kule kutamba, ule mlipuko wa matarumbeta unaomfanya mtu avute kola ya shati bila kujua, ni mkono wa Barry, na huo ndio uliomwajiri kwa miaka 25 iliyofuata.

Sasa nirudi kwenye mazoea. Bahati nzuri historia imetuachia jaribio ambalo hakuna mtafiti angeweza kulipanga vizuri zaidi. Mwaka 1983 Sean Connery, Bond wa kwanza na kwa wengi Bond wa pekee, alirudi kuigiza nafasi yake katika Never Say Never Again. Filamu hiyo ilitengenezwa nje ya kampuni ya kawaida, kwa hiyo haikuwa na haki ya kutumia mahadhi yale. Mtu aliletwa mwenyewe, na nyusi zake, na tabasamu lake. Muziki ukapewa Michel Legrand, mtunzi mkubwa wa Ufaransa ambaye hahitaji kuthibitisha lolote kwa mtu. Matokeo ni ya kuhurumiwa. Connery anakimbia, anapigana, anabusu, na unachokiona ni mzee wa miaka 52 anayekimbia, anayepigana, anayebusu. Kumbukumbu zetu zote za ujana zilikuwepo pale zimekaa tayari, na hazikutosha. Katika filamu hizi steringi si mtu. Steringi ni muziki, na mwigizaji amekodishiwa suti tu.

Miaka 12 baadaye kampuni yenyewe ya Bond ilikaribia kujifanyia jaribio hilo. Katika GoldenEye ya 1995 mtunzi Éric Serra alikuja na sauti za mitambo, baridi, za kisasa kwa wakati ule. Bond alipoingia mitaa ya Saint Petersburg na kifaru cha kijeshi, muziki wa Serra ukaondolewa, John Altman akaitwa kuandika mwingine, na yale mahadhi ya zamani yakarejeshwa kazini. Mtu anaweza kusema hofu ya wenye pesa ndiyo iliyoamua. Inawezekana. Lakini itazame sehemu hiyo kwa sauti, kisha uizime sauti, halafu uniambie ni nani anayeendesha kifaru.

Na mazoea hayaokoi kila kitu. Mwaka 1977 mtunzi Marvin Hamlisch aliyavisha mahadhi yaleyale nguo za disko. Mahadhi ni hayohayo, lakini ukiyasikiliza leo unaona suruali ya bugaluu. Kilichotengenezwa kufuata mtindo kimezeeka pamoja na mtindo, na kile cha 1962, ambacho pia kilikuwa cha mtindo wa siku zake kwa maana gitaa lile ni la roki ya miaka hiyo, hakijazeeka kwa kiasi hicho. Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu Barry alichanganya vitu ambavyo havikuwa vinakaa nyumba moja: gitaa la vijana, matarumbeta ya bendi kubwa za wazee, na chini yake kile kinong'ono kisichofika popote. Hakuna enzi moja inayoweza kudai kitu hicho ni chake peke yake.

Lalo Schifrin, mzaliwa wa Buenos Aires, alipita njia nyingine kwa tamthilia ya televisheni ya Mission: Impossible mwaka 1966. Aliweka mapigo matano mahali ambapo mguu unategemea manne, akayajaza kwa noti mbili ndefu na mbili fupi, ambazo katika alfabeti ya Morse, ile ya mistari na nukta, zinasoma M na I. Mguu unatafuta pa kukanyaga haupati, na mwili wote unabaki macho. Wanamuziki wawili wa U2 walipoyarekodi upya kwa filamu ya 1996 waliyanyoosha yakawa mapigo manne ili watu waweze kucheza. Yaliuzika sana. Ila mashaka yakatoka, ikabaki ngoma ya disko.

Hadi hapa kambi ya ustadi inaongoza. Lakini kuna shitaka zito kuliko la mazoea, na hilo linanisumbua zaidi kwa kuwa linatokana na ubora wenyewe. Kama muziki ndiye steringi, na steringi siku zote ana haki, basi yeyote atakayesindikizwa na muziki huu amekwisha samehewa kabla hajafyatua risasi. Tulipokuwa tukishangilia kibandani, hakuna aliyeuliza yule jamaa ametumwa na nani, kwenda nchi ya nani.

Ujasusi halisi wa miaka ileile ulikuwa na sura yake huku kwetu. Septemba 1960 Sidney Gottlieb, mkemia wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, alifika Léopoldville, Kinshasa ya leo, na sumu iliyokusudiwa kwa Patrice Lumumba. Kamati ya Seneti ya Marekani iliyaweka hayo hadharani 1975. Sumu haikutumika, lakini tarehe 17 Januari 1961 Lumumba alipigwa risasi Katanga, na maofisa wa Kibelgiji wakiwepo. Miezi 21 baadaye Dr. No ikawa sinema. Katika mji uleule wa Léopoldville ujasusi wa Uingereza uliwakilishwa na Daphne Park, mwanamke mnene mchangamfu aliyelelewa Tanganyika, ambako baba yake alihangaika kutafuta dhahabu, akiendesha Citroën 2CV yake. Hakuna tarumbeta litakaloingia kwenye gari lile. Msomaji wa Kongo akisema kwamba muziki wa Bond umetufundisha kuipenda kazi iliyowaua watu wake, sina jibu la kumtoa kwenye hoja hiyo.

Nilicho nacho ni kwamba muziki wa zama zile haukusema jambo moja tu. Chukua wimbo wa Goldfinger wa 1964. Shirley Bassey, binti wa mtaa wa Tiger Bay mjini Cardiff na baba Mnaijeria, hamsifu Bond hata kwa neno. Anamwimba adui, na anawaonya wanawake wamkimbie. Matarumbeta ya Barry yanajibu kila anaposhusha neno, na sauti yake inayazidi yote. Umaridadi upo, lakini ni umaridadi wa kitu kinachoua, na wimbo unalisema hilo wazi. Albamu ya filamu ile ilishika nafasi ya kwanza Marekani 1965, kwa hiyo onyo lilisikika mbali, kama lilisikilizwa kama onyo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mwaka huohuo wa 1965. Harry Saltzman, mmoja wa watayarishaji wa Bond, alitengeneza The Ipcress File kuhusu jasusi mvaa miwani, Harry Palmer, anayesaga kahawa yake asubuhi, anajaza fomu na kubishana na bosi wake dukani juu ya uyoga wa kopo. Mtunzi ni Barry yuleyule. Safari hii aliyafungia matarumbeta kabatini akaleta simbalomu, ala ya nyuzi ya Ulaya Mashariki inayopigwa kwa vijiti. Sikio lililokulia taarabu haliwi geni hapo: ni ndugu wa kanuni, ingawa kanuni hudonolewa kwa vidole. Ina ile sauti ya nyuzi nyingi nyembamba zinazotetemeka baada ya kuguswa, kana kwamba chumba cha jirani kuna mtu anayesikiliza. Hakuna kutamba humo. Kuna uchovu, mvua, na mshahara mdogo. Kama ningeambiwa nichague muziki wa ile Citroën ya Léopoldville, ningechukua huu, na ningeona aibu kidogo kwamba ni mzuri.

Watu hawaupigi huo wakinyemelea sufuria, na hiyo ni alama moja kwa kambi ya mazoea: muziki bora wa Barry si ule uliorudiwa mara 25.

Mwaka 1983, ule ambao Connery alikuwa akikimbia bila muziki wake, Roger Moore, Bond wa kampuni ya kawaida wakati ule, alikuwa na filamu yake, Octopussy. Katika filamu hiyo Bond anashuka mashuani Udaipur, India, hamjui mwenyeji wake kwa sura. Kando yake amekaa mchezesha nyoka na zumari, kama kwenye kila kadi ya posta ya wakati wa ukoloni, na anachokipuliza ni mahadhi yaleyale ya Norman. Ndiyo ishara yenyewe, huyo ndiye jasusi mwenzake. Wimbo wa chafya, uliobuniwa na mtu wa London akiigiza Uhindi wa Trinidad, ukafika India, tayari una kazi serikalini. Bond anaukubali papo hapo. Nami hucheka hapo kila mara.