Gari Linaloona Haya Mbele ya Fundi

Asubuhi linawaka kwa stata moja, jirani anasema, "Baba, hili ukiuza nipo." Ngoja sasa lipate moto. Ukianza kupandisha kilima cha Mwanga hapa Kigoma, nyuma una bajaji imebeba dagaa wabichi wa Kibirizi, kimya! Limezima. Redio inaimba, stata inazunguka, injini haishiki. Ukilisubiri lipoe, linawaka kana kwamba wewe ndiye mwongo.

Hapo sasa madaktari wanatokea. Muuza mawese: "Rejeta hiyo." Namwonyesha geji imetulia katikati, maji yamejaa. "Basi gasketi." Shemeji yuko Tabora, gari hajaliona, anaagiza kwa simu nibadilishe pampu ya mafuta. Hela yake au yangu? Mzee mmoja ndiye aliyenimaliza: "Meli ya Liemba ya 1913 ilikaa chini ya ziwa mpaka 1924, ikaibuliwa, ikabeba watu miaka na miaka. La kwako limeshindwa kilima?"

Fundi naye, "Lilete gereji." Nalipeleka, limepoa njiani kwa foleni ya kulisubiri liwake, linanguruma mpaka anamaliza chai na chapati mbili. "Bosi, gari zima hili." Sasa mgonjwa wa homa za jioni unampimaje asubuhi?

Aliyeniokoa ni kijana wake, ndevu bado. Akapanda nami, likazima palepale. Hakuuliza kitu. Akafungua kifuniko cha tanki, akatega sikio: hakuna upepo unaovutwa, tanki linapumua, basi si tanki lililoziba hewa. Akachomoa waya wa plagi, akauvisha plagi ya akiba, akaigusisha kwenye chuma cha injini. "Piga stata." Cheche hata ya kuwashia sigara hakuna. Akamwagia maji kidogo sensa ya krenki, ile inayosoma mzunguko wa injini ili cheche itoke, tukangoja kidogo, nikapiga stata, likashika!

"Ndani ya sensa hii mna koili ya waya," akasema. "Ikipata moto waya unaachana, ikipoa unarudiana."

Kumbe nimebeba ndoa ya watu kwenye injini, na mshenga ni mimi!

Sensa yenyewe inatoka Dar, inakuja na basi. Shemeji nilipompigia akajibu, "Si nilikwambia ni umeme?" Na watoto wa pale mlimani wameshajua biashara: wakiniona tu nakata kona wanakimbia na makopo ya maji, shilingi mia tano kopo, na jana wamepandisha.