Mbu wa msukumo wa jeni: maswali mawili ambayo Uganda haijayajibu

Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda (UVRI) iko Entebbe, jirani na msitu wa Zika ambako watafiti wake waligundua virusi vya Zika mwaka 1947. Siku hizi jina lake linatajwa kwa sababu nyingine. Ndipo ulipo mradi wa Target Malaria hapa Uganda, ambao lengo lake la mbali ni mbu aliyebadilishwa jeni kwa namna ambayo badiliko hilo linajisambaza lenyewe, kizazi baada ya kizazi: ndiyo teknolojia iitwayo msukumo wa jeni (gene drive). Hakuna nchi duniani iliyokwisha kumwachia mbu wa aina hiyo nje ya maabara. Hata hivyo watu wameshagawanyika. Wako wanaouona mwisho wa malaria umekaribia, na wako wanaoamini kwamba Mwafrika anafanywa tena uwanja wa majaribio. Kambi zote mbili zina hoja za kweli. Lakini maswali mawili yaliyo mazito kuliko yote hayaulizwi vya kutosha: itakuwaje teknolojia hii ikifanikiwa nusu, na nani atalipa.

Kwanza inavyofanya kazi. Kwa kawaida mzazi humrithisha mtoto nusu ya jeni zake, hivyo badiliko likiingizwa kwa mbu mmoja, kila mtoto ana nafasi moja kati ya mbili ya kulipata. Likiwa linamdhoofisha mbu, hupotea baada ya vizazi vichache. Msukumo wa jeni unavuruga hesabu hiyo. Katika seli za uzazi za mbu kunapandikizwa mfumo wa CRISPR: kimeng'enya kinachokata DNA, pamoja na kielekezi kinachokipeleka mahali maalumu pa kukata. Kromosomu iliyotoka kwa mzazi wa pili ikishakatwa, seli huiziba kwa kunakili ile yenye badiliko, na mfumo wenyewe unanakiliwa humo humo. Hapo karibu watoto wote hurithi.

Jeni inayolengwa zaidi inaitwa doublesex, mojawapo ya zinazoamua jinsia. Jike wa Anopheles gambiae, mbu anayeeneza malaria, akipata nakala mbili zilizovurugwa, hatagi wala hawezi kuuma. Dume hubaki mzima na kuendelea kulipeleka badiliko mbele. Mwaka 2018 watafiti wa Imperial College London walieleza jinsi mbu 600 katika kila kizimba walivyokwisha kabisa ndani ya vizazi 7 hadi 11. Mwaka 2021 ikaripotiwa kwamba hali hiyo imejirudia katika vizimba vikubwa huko Terni, Italia, kwa muda usiofika mwaka mmoja. Kizimba, hata kiwe kikubwa namna gani, hakina upepo, kiangazi wala mbu wa kijiji cha pili.

Wanaounga mkono wanaanzia kwenye makaburi ya watoto, na hapo hawabishiki. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo 597,000 vya malaria mwaka 2023, karibu vyote barani Afrika, na wengi wa waliokufa walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa idadi ya wagonjwa Uganda ilikuwa ya tatu duniani, nyuma ya Nigeria na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ikibeba takriban asilimia 5 ya wote. Utafiti uliofanywa Apac mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuta mtu mmoja akiumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 1,500 kwa mwaka, yaani zaidi ya mara nne kila usiku.

Silaha tulizo nazo zinachoka. Mbu wengi wamekuwa sugu kwa pyrethroid, dawa iliyokuwa ndani ya kila chandarua, ndiyo maana tangu 2017 Uganda imegawa pia vyandarua vyenye PBO, kemikali inayopunguza nguvu ya usugu huo. Navyo hutoboka na kupoteza dawa kabla ya mgao mwingine kufika. Mwaka 2021 watafiti waliripoti kutoka Gulu vimelea vinavyochelewa kuondoka mwilini kwa dawa za artemisinin. Chanjo ya malaria ya R21 iliyoanza kutolewa Uganda Aprili 2025 inahitaji dozi nne, mtoto akiwa na miezi 6, 7, 8 na 18. Ile ya nne ndiyo rahisi kukosekana, kwa sababu inakuja wakati mama ameshazoea kutokwenda kliniki. Juu ya yote hayo kuna fedha. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, programu za malaria kote Afrika zilitikisika ndani ya siku chache tu.

Kwa hiyo hoja yao inaeleweka. Chandarua kinahitaji lori, bajeti na mtu wa kukitundika. Mbu dume humtafuta jike mwenyewe, hata katika kijiji ambacho barabara hukatika kila masika, na hasubiri mfadhili asaini. Ni hoja ya usawa kabla ya kuwa hoja ya sayansi, na wapinzani wengi huipita haraka mno.

Upande wa hofu unahitaji kupepetwa, kwa maana hofu zote hazina uzito mmoja. Inayosikika sana ni kwamba mbu huyo akikuuma atabadilisha jeni zako. Hiyo haina msingi. Mfumo umewekwa ufanye kazi katika seli za uzazi za mbu, na mate ya mbu hayana njia ya kupandikiza jeni katika mwili wa binadamu. Ila na watetezi waache kuwaambia watu kwamba "wanaoachiwa hawaumi" kisha wakaishia hapo. Watakaoachiwa ni madume, kweli, na dume haumi. Lakini binti wa dume huyo mwenye nakala moja tu ya badiliko huuma kama jike yeyote, na hao ndio watakaokuwa wengi katika vizazi vya mwanzo. Mwanakijiji aliyeahidiwa mbu wasiouma, kisha akaumwa, hatamwamini tena mtafiti yeyote, hata yule wa chanjo.

Hofu ya mazingira ni nzito zaidi, ingawa si kwa njia inayotajwa mara nyingi. Hakuna mnyama anayejulikana kumtegemea Anopheles gambiae peke yake kwa chakula. Aliye karibu zaidi ni buibui mrukaji mdogo anayeishi kando ya Ziwa Victoria, Evarcha culicivora, anayependelea mbu jike walioshiba damu. Naye hula pia usubi wa ziwani, ambao hawana upungufu. Kuhusu kufuta kiumbe kwa makusudi, tumeshafanya hivyo bila majuto: ndui ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980, na sotoka, iliyokuwa ikifyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki, mwaka 2011. Mdudu si kirusi, nakubali, lakini kanuni ya kwamba binadamu hapaswi kamwe kufuta kiumbe hatuishiki.

Kinachonipa mashaka ni kutorudi nyuma, na somo letu liko ziwani hapo hapo. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960. Akaleta viwanda vya minofu na fedha za kigeni, na akachangia kwa kiasi kikubwa kutoweka kwa aina nyingi mno za furu, samaki ambao Waganda huwaita nkejje. Miaka ya 1990 magugu maji yakafunika bandari na magati. Uganda ikaachia fukusi wa Neochetina, wanaokula magugu hayo, mwaka 1995, na katika miaka michache magugu yakapungua sana, ingawa mvua na mawimbi ya El Niño nayo yalisaidia. Viumbe hao wote hawakuwa na njia ya kurudishwa, na hawakuheshimu mpaka wa Kenya wala Tanzania. Tofauti yao iko kwenye kazi iliyotangulia. Fukusi walikuwa wamejaribiwa kwanza kuthibitisha kwamba hawatahamia kwenye mimea mingine. Sangara alimwagwa ziwani licha ya maonyo.

Sasa swali la mafanikio nusu. Yako mambo matatu yanayoweza kuyaleta. La kwanza ni usugu wa jeni yenyewe: mara chache seli huziba mkato kwa kuunganisha ncha ovyo badala ya kunakili, herufi za DNA hubadilika, na kielekezi hakipatambui tena mahali pake. Mbu wa namna hiyo akiwa bado na uwezo wa kuzaa, ndiye atakayewashinda wenzake. Doublesex ilichaguliwa kwa sababu haivumilii mabadiliko kirahisi, lakini idadi ya mbu wa vizimbani haiwezi kulinganishwa na ya bonde zima la Ziwa Kyoga. La pili ni mbu wengine. Anopheles funestus naye hueneza malaria Uganda, na hazaliani na gambiae. Anopheles stephensi, anayezaliana katika matangi ya maji mijini, ameshaonekana Kenya. Msukumo uliotengenezwa kwa ajili ya gambiae hauwagusi.

La tatu ndilo linalotisha, na limeshatokea hapa bila jeni yoyote. Wilaya kumi za kaskazini zilinyunyiziwa dawa majumbani kwa miaka kadhaa hadi malaria ikashuka mno. Mwaka 2014 unyunyiziaji ukakoma. Mwaka 2015 hospitali na vituo vya afya vya kaskazini vilijaa wagonjwa, wakiwemo watoto wakubwa na watu wazima. Anayeumwa na mbu kila siku hujenga kinga kiasi, inayomzuia asifikie hali mbaya. Kinga hiyo hupungua mbu wakipungua. Tuchukulie kwamba msukumo wa jeni unafanya kazi miaka mitano, wafadhili wanahamisha fedha za vyandarua kwa sababu takwimu zinapendeza, kisha usugu unajitokeza. Ugonjwa utarudi kwa watu ambao miili yao imeusahau, katika vijiji visivyo na chandarua kizima. Sihofii sana kwamba teknolojia hii itafaulu kupita kiasi. Nahofia ifaulu kidogo, kwa muda, na itumike kuwa kisingizio cha kuondoa kila kitu kingine.

Ndiyo maana kazi ya kuchosha inayotangulia ni ya lazima. Kabla ya kuachia mbu yeyote, lazima ijulikane wako wangapi, wa spishi gani, na wanasafiri umbali gani, katika masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Septemba hadi Novemba, kwa miaka kadhaa. Mbu hunaswa kwa mitego ya taa, hukusanywa sakafuni baada ya kupuliza dawa ndani ya nyumba, na madume hukamatwa kwa nyavu katika makundi yao jua linapozama. Wengine hupakwa unga wa rangi, huachiwa, kisha hutafutwa tena ili kupima mwendo wao. Visiwa vya Ssese vimechunguzwa kwa sababu maji ya ziwa yanawatenga mbu wake na wa bara kwa kiasi fulani. Kwa kiasi fulani tu. Boti za wavuvi hubeba mbu kila siku. Na huko Mali, utafiti uliochapishwa 2019 ulinasa mbu wa malaria kwenye upepo, hadi mita 290 kutoka ardhini, ambao kwa makadirio wangeweza kusafiri kilomita 300 kwa usiku mmoja.

Ridhaa ya wananchi nayo inakwama hapo hapo. Katika mialo ya Kalangala, wilaya ya visiwa hivyo vya Ssese, watu huhama kumfuata samaki. Walio kwenye daftari la mwenyekiti wa LC1, yaani halmashauri ya kijiji, si wote wanaolala hapo mwezi huu. Na kisiwa kimoja kikikubali, kilichokataa hakina mlango wa kufunga. Yaliyoupata mradi huo huo wa Target Malaria huko Burkina Faso yanafundisha. Kijiji cha Bana kilikubali, na Julai 2019 madume tasa yasiyo na msukumo wa jeni yakaachiwa humo baada ya miaka mingi ya mazungumzo. Agosti 2025 serikali ya nchi hiyo ikausimamisha mradi wote. Ridhaa ya kijiji haikutosha kuulinda mbele ya taifa lenye mashaka.

Uganda ina wepesi mmoja: majirani zake wote watano, Kenya, Tanzania, Rwanda, Kongo na Sudan Kusini, ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tanzania tayari ina watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara wanaoshughulikia njia tofauti, ya mbu anayeendelea kuishi ila anazuia kimelea kisikue tumboni mwake. Mamlaka ya kuruhusu au kuzuia inapaswa kuwa ya jumuiya nzima, kwa maandishi, jirani yeyote akiwa na haki ya kusema bado.

Nyumbani sheria ndiyo pengo. Muswada wa bioteknolojia wa 2012 ulipitishwa na Bunge Oktoba 2017, Rais Museveni akaurudisha. Ukapitishwa tena Novemba 2018 kwa jina jipya, ukarudishwa tena. Kifungu kilichozua ugomvi mkubwa kilikuwa cha fidia: mwenye teknolojia awajibike kwa madhara hata kama hakuzembea. Wanasayansi wengi walikiona kama kamba shingoni mwa utafiti. Kwa mazao ya shambani, nawaelewa. Kwa kiumbe kinachojisambaza, kifungu hicho ndicho kiini cha jambo. Mwaka 2008 DDT, dawa ya kuulia wadudu, iliponyunyizwa Apac na Oyam, wafanyabiashara wa mazao ya kilimo hai walikwenda mahakamani kutetea masoko yao, na unyunyiziaji ukasimama. DDT ingeweza kusimamishwa. Mbu huyu hatasikia amri ya hakimu.

Utafiti wa maabara Entebbe uendelee. Kuufunga kungetuacha tupokee majibu ya wengine. Uachiaji usubiri sheria, makubaliano ya jumuiya, na mfuko uliojazwa mapema, ulio nje ya mikono ya mradi wenyewe. Kiasi chake kinaweza kukokotolewa leo: chandarua kimoja kwa kila watu wawili wa eneo la majaribio, dawa ya malaria ya Coartem na vipimo vya kutosha miaka mitatu, gharama ya kunyunyizia kila nyumba, na posho za VHT, wahudumu wa afya wa vijiji, watakaoripoti wagonjwa kila wiki. Wagonjwa wakipanda kuvuka kiwango kilichokubaliwa, fedha zitoke bila kusubiri kikao cha wafadhili. Mbunge anayetaka kuuliza swali moja tu kuhusu mbu hawa, aombe hesabu hiyo.