Mwezi Ukiandama, Mfuko Hupatwa

Jioni ya mwezi 29 Ramadhani, watu wa Unguja hutazama upande wa magharibi kwa furaha, lakini baba mwenye watoto wanne husimama miongoni mwao akiomba kimoyomoyo wingu zito litande, ili saumu itimie 30 naye apate siku moja zaidi ya kumsaka fundi cherehani aliyezima simu. Sisemi kwamba dua hiyo ni njema. Nasema tu kwamba nimeihifadhi.

Kwetu sikukuu husherehekewa siku nne, na wanangu wamekwisha kupitisha kwamba kila siku ina nguo yake. Zamani kanzu ya mwaka uliopita ilifuliwa, ikapigwa pasi, na mtoto akiwa amerefuka alishushiwa pindo, basi. Leo binti yangu hutumia simu ya mama yake kuniletea picha ya gauni, kisha picha ya viatu vinavyokwenda na gauni, kisha ya mkoba unaokwenda na viatu, nami niko Darajani, nimebanwa baina ya muuza mitandio na muuza miwani ya plastiki, koo limenikauka kwa funga, nikitakiwa nithibitishe kwamba kitambaa nilichokishika ni rangi ya samoni. Samaki ninaowajua mimi ni changu na jodari.

Nguo zikipatikana, huja mkono wa Idi. Watoto wangu ni wanne, lakini asubuhi ya sikukuu hubainika kwamba mtaa mzima una udugu nami: hupanga mstari mlangoni, vikoba begani, wakiamkia kwa sauti moja, "Shikamoo baba!", na hakuna anayesubiri jibu bila ya kukinga mkono. Mwaka huu nilimpa mwanangu wa mwisho sarafu ya shilingi 200. Aliigeuza upande huu na huu, kisha akaniuliza kwa adabu kamili kama Kariakoo ya hapa Unguja, kwenye mabembea, wanaipokea.

Mama yangu mzazi, ambaye enzi zangu mkono wake wa Idi ulikuwa andazi, alimwita mjukuu wake, akamtia noti ya 5,000 mfukoni, kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu, usiwe bahili. Sikukuu ni mara moja tu kwa mwaka."

Hapo nikaona nimepata pa kujitetea. Nilimweleza kwamba mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa Miladia kwa siku 10 au 11, kwa hiyo Idi huwahi zaidi kila mwaka ilhali mshahara haubanduki mwisho wa mwezi, na kwamba kwa hesabu za kalenda mwaka 2033 Idi ndogo inatarajiwa kuangukia mara mbili: mwanzoni mwa Januari, wakati wa kununua sare na madaftari ya skuli, na tena kabla ya Desemba kumalizika. Nilidhani nyumba nzima itanionea huruma.

Mwanangu wa pili, ambaye hesabu za skuli humuumiza kichwa mpaka afunguliwe daftari na mama yake, hakuhitaji hata kalamu. "Basi baba, mwaka huo ni nguo nane kila mtu."

Bibi yake akamsifu kwa akili, akampa 1,000 nyingine, na akanikumbusha nimwambie fundi mapema.