Kidonge cha mafuta hakitoshi kuziba nafasi ya aspirini

Baba mdogo ni fundi mitumbwi kule Igombe, Mwanza. Juzi aliviweka vidonge vyake juu ya ubao uliojaa vumbi la randa: aspirini ya asubuhi na atovastatini ya usiku, ile ya kupunguza lehemu, yaani mafuta kwenye damu. Anavimeza vyote viwili tangu alipopata shambulio la moyo mwaka jana. "Hiki kinaniunguza tumbo," akasema, akiisukuma aspirini kwa kidole. "Na nimeambiwa hicho cha mafuta nacho kinazuia damu kuganda. Si nibaki na kimoja?"

Aliyemwambia hakudanganya. Damu huanza kuganda pale chembe sahani, vijichembe vidogo vya damu, zinaponatana kwenye mshipa uliochanika. Lehemu ikizidi kwenye utando wa chembe hizo, hunatana upesi zaidi. Dawa za jamii ya statini, kama hiyo atovastatini, hupunguza lehemu, na pia hupunguza tromboksani, kemikali ambayo chembe moja huitoa kuziita zenzake. Utafiti wa JUPITER ulifuatilia watu 17,802. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha kuwa damu iliganda kwenye vena, mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, za watu 34 waliomeza rosuvastatini, statini nyingine, na watu 60 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Hilo si jambo dogo.

Ila washiriki wale walikuwa hawajawahi kuugua moyo, na vena si ateri ya moyo, mshipa unaoulisha moyo damu. Baba mdogo hayumo kwenye hesabu hiyo. Tena aspirini hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa: chembe sahani ikishaguswa nayo haitengenezi tena tromboksani mpaka ife, yaani siku 7 hadi 10. Statini haifungi mlango kiasi hicho.

Wapo pia wanaoziogopa statini wakisema zinafanya damu iwe nyepesi mno. Nao wana hoja. Katika utafiti wa SPARCL wa mwaka 2006, kwa watu waliowahi kupata kiharusi au dalili zake za muda, atovastatini ya miligramu 80 ilipunguza viharusi kwa jumla, lakini waliovuja damu kwenye ubongo walikuwa 55, dhidi ya 33 wasioitumia. Aliyewahi kuvuja damu kichwani ana haki ya kumuuliza daktari wake swali hilo kwa kina. Kwa mgonjwa wa moyo kama baba mdogo, naona faida inazidi mbali, na kuacha aspirini kimyakimya ndiyo hatari ninayoihofia.

Tumbo linalouma lina tiba yake; zipo dawa za kulilinda. Nilimsihi asiache chochote kabla hajaonana na daktari. Alivirudisha vidonge mfukoni. Jumatatu tunapanda daladala pamoja kwenda kliniki.