Hajaingia darasani, keshaitiwa riseji ya kulipwa: akubali au asome kwanza?

Kijana wa jirani yetu hapa Chumbageni, Tanga, kapata chuo Marekani, tena kwa ufadhili, na juzi kaletewa ujumbe mwingine kwamba wanafunzi wapya wanaweza kuomba nafasi ya kufanya utafiti na profesa, kwa malipo, kuanzia kabla hata muhula haujaanza. Baba yake hataki kusikia, anasema mtoto akasome, pesa ataikuta mbele. Mama yake anasema pesa hiyohiyo ndo itanunua koti la baridi. Mi nimesimama na mama, ila sababu yangu sio koti.

Hofu ya baba lakini tuipe uzito wake jamani. Mwaka wa kwanza ugenini ni mgumu, Kiingereza cha lekchara kinakimbia, hujui hata kufulia wapi, na ufadhili mwingi una masharti ya GPA, yaani wastani wa alama, ukiteleza semista ya kwanza utahangaika mpaka unamaliza. Ila sheria ya kule yenyewe imeweka kikomo: mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, haruhusiwi kuzidisha masaa 20 kwa wiki kwenye kazi za ndani ya chuo wakati masomo yanaendelea, na kabla ya masomo kuanza hawezi kuanza kazi mapema kuliko siku 30. Kwahiyo hiyo "kabla ya muhula" aiulizie vizuri. Aulizie pia fungu la kumlipa linatoka wapi, maana zile ajira za wanafunzi zinazolipiwa na serikali kuu ya Marekani wageni hawamo, na tangazo linaweza kuwa limeandikwa likiwalenga wenyeji tu.

Sasa malipo. Wapo wanaosema riseji ni elimu, ya nini mtoto alipwe kwa kufundishwa? Mi nasema bila malipo hizo nafasi wanachukua watoto wa wenye nacho peke yao. Tuangalie hapahapa kwetu, kidato cha sita wanamaliza mitihani mwezi wa tano, chuo mpaka Oktoba au Novemba, wengine wanapita JKT, wengine wapo nyumbani tu, na Tanga tuna NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa, pale Bombo, tuna TARI Mlingano, ya utafiti wa kilimo, kule Muheza, sehemu ambazo kijana angejifunza mengi, lakini mtoto wa mama muuza vitumbua atajitolea miezi mitatu kwa nauli ya nani? Atashika kibarua au bodaboda, na yule mwenye baba wa kumpa nauli ndo ataandika kwenye sivii kwamba kafanya utafiti. MIT, chuo cha huko huko Marekani, walianzisha UROP, programu yao ya utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, 1969, mama mmoja anaitwa Margaret MacVicar ndo aliisimamia, na mpaka leo mwanafunzi anaweza kulipwa au kuhesabiwa kama somo. Hawaoni aibu kumlipa mtu anayejifunza.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni kitu kingine kabisa. Nenda Deep Sea, pale Tanga zinaposhushwa samaki, asubuhi mashua zikishusha, utamkuta kijana na ubao wake wa kupimia, anamlaza changu, anasoma kutoka mdomoni mpaka kwenye panda ya mkia, anaandika, anamrudisha kwenye ndoo, anachukua mwingine, na fomu ikijaa inaondoka na gari na yeye haoni tena zile namba zimesema nini. Huyo kalipwa posho, ila utafiti hajafanya. Mwenzie akielezwa kwamba tunapima hivi ili tujue kama nyavu zinabeba samaki ambao hawajawahi kuzaa, akakaa kwenye kompyuta na supavaiza wakachora ile grafu pamoja, kazi ni ileile ila huyu katoka na kitu. Na usidharau vipimo vya ufukweni, silikanti, wale samaki wa kale wa kina kirefu, walipoanza kunaswa kwenye nyavu za majarife huku kwetu kuanzia 2003, walipimwa na kuandikwa mmojammoja, na 2009 tukapata Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga.

Maprofesa nao wana hoja, kijana hajasoma takwimu, hajui maabara, kumuelekeza kunakula muda kuliko kazi anayofanya, so miezi ya kwanza atapewa kuosha vyombo na kuingiza data tu. Sawa, hiyo haina ubaya. Ubaya ni ikipita mwaka mzima bado anaosha.

Kwahiyo kijana nimemwambia kabla hajakubali aandike imeili, amuulize profesa nani hasa atakaa naye, yeye mwenyewe au mwanafunzi wake wa PhD, watakutana kila wiki au mpaka atafutwe, na mitihani ikibana anaweza kupunguza masaa bila kupoteza nafasi? Aombe pia kuongea na mwanafunzi aliyepita hapo mwaka jana. Majibu yakiwa ya kuzungukazunguka aachane nayo, achukue kazi ya maktaba, atalipwa na ataweza kusoma. Yakiwa mazuri aanze na masaa 8 au 10 kwa wiki, sio 20, matokeo ya semista yakitoka ndo aongeze. Baba mtu kasema anataka ayaone hayo majibu yeye mwenyewe kwanza, na hapo simpingi.